Alhamisi moja River Road: kijitabu cha mazishi cha nyanya

Saa moja asubuhi. Natengeneza na kuchapa vijitabu vya mazishi hapa River Road, Nairobi, na leo nina cha nyanya aliyeuza mitumba soko la Gikomba. Mazishi ni Jumamosi na msafara unatoka mochari alfajiri, kwa hivyo nakala 300 ziwe tayari leo usiku. Ukiiacha kazi hadi Ijumaa, stima ikipotea umeaibisha familia nzima.

Picha 9 zilizotumwa kwa WhatsApp hazifai. Programu hiyo huibana picha, na uso uliokuwa safi kwenye simu hutoka umechujuka kwenye karatasi. Nimeomba picha zenyewe, hata zilizoraruka, kitambulisho cha marehemu, na chochote alichokiandika kwa mkono wake.

Saa tatu. Wamefika binti wa kwanza, mkaza mwana na mjukuu. Watatu wanatosha, rasimu ikisahihishwa na watu kumi haiishi. Nampa mama, yule binti wa kwanza, pole, kisha tunaanza na tarehe.

Kitambulisho kina mwaka tu, 1940. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho baada ya sheria kubadilishwa 1978, wengi wakiwa watu wazima wasio na cheti cha kuzaliwa, na mwaka ukakadiriwa. Basi tunaupima kwa matukio. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikuwa bado mgongoni mwa mama yake au anachota maji? Uhuru ulipokuja Desemba 1963, alikuwa ameshazaa? Mama anajibu kwamba yeye mwenyewe wakati huo alikuwa anatambaa. Chini ya neno Mapambazuko, yaani kuzaliwa, tunaandika "karibu 1940", na umri hatuuandiki kabisa. Afadhali hivyo kuliko ndugu zake waliobaki kusikia uongo ukisomwa kaburini.

Rasimu ya familia inasema alikuwa mke wa fulani, mama wa fulani, muumini mwaminifu. Nusu ukurasa ni vyeo vya wanawe. Hapa sikubali haraka. Mwanamke aliyejitegemea maisha yake yote hawezi kuzikwa kama kivuli cha watu wengine. Nauliza: alinunua nini kwa pesa yake? Alikataa nini? Nani alijifunza kazi kwake? Majibu yanakuja polepole, halafu yanamiminika. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa sokoni kabla robota, lile furushi la mitumba, halijafunguliwa, maana sweta nzuri huchaguliwa mwanzo. Ploti aliiandikisha kwa jina lake. Kuhamia kwa mwanawe alikataa mpaka mwisho.

Kisha mjukuu anatoa daftari la kurasa 96, jalada limelainika kama kitambaa. Nyanya hakusoma shule. Kila mdeni ana mchoro: kofia, baiskeli, ndoo yenye mkono mmoja. Mbele ya mchoro kuna vijiti vya deni, na waliolipa wamepigwa mstari mmoja mzito uliotoboa karatasi. Hii itakaa ukurasa wa 6 na 7, katikati ya kurasa 12, kwa sababu hapo pekee kurasa mbili zinazotazamana ndani huwa karatasi moja na mchoro haukatiki. Tunachagua ukurasa ambao wote wamelipa. Majirani wataijua ile kofia ni ya nani.

Saa tano. Kuskani. Picha ya pasipoti ina upana wa sentimita 3.5, ili ifike 14 kwenye jalada ni mara 4, kwa hivyo naiskani kwa nukta 1200 kwa inchi ili ichapwe kwa 300. Moja imeganda kwenye kioo cha fremu. Usiibandue, uso utabaki kwenye kioo; ipige picha humo humo, karibu na dirisha, kwa pembe kidogo. Ngozi nyeusi huzidi kuwa nyeusi ikichapwa, kwa hivyo naongeza mwanga usoni kuliko kioo cha kompyuta kinavyodai.

Saa nane. Nakala ya majaribio. Mama anasoma majina ya watoto, wajukuu na vitukuu kwa sauti huku akihesabu kwa vidole, waliotangulia wakiwemo. Jina likisahaulika, hakuna karatasi ya kubandika itakayotuliza moyo wa mwenye jina. Leo amekosekana kitukuu mmoja. Tunamtia.

Saa kumi. Kuchapa. Kila A4 ikikunjwa hutoa kurasa 4, kwa hivyo kila nakala ni karatasi 3: jalada la gramu 250 na mbili za ndani za gramu 130. Jumla 900, pamoja na 45 za kuharibika.

Saa moja usiku. Kukunja. Jalada nene likikunjwa ghafla wino hupasuka mgongoni, kwa hivyo kwanza napitisha ukingo butu wa rula kwenye mstari wa kukunja. Pini mbili za stepla, mbali na mchoro wa ile ndoo.

Saa tatu usiku mafungu 6 ya nakala 50 yako kwenye katoni. Picha za zamani nazirudisha katika bahasha, tukizihesabu pamoja. Daftari mjukuu haliweki kwenye katoni wala kwenye bahasha. Amelifunga kwa leso ya nyanyake, analibeba mkononi.