Kilo mgongoni mwa farasi: hatimaye jedwali limekubali

Limekubali! Kwa muda mrefu jedwali langu lilishikilia kwamba farasi akiongezwa kilo ndivyo anavyozidi kushinda. Matokeo ya uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, yalisema hivyo, ya Australia nayo vivyo hivyo. Sasa alama ya kutoa imekaa panapostahili, yaani kilo zikizidi farasi hurudi nyuma, na nimeshindwa kulala kwa furaha.

Mnaofuata mbio za handikapu mnajua chanzo. Kilo hazigawiwi kwa kura. Mpangaji wa uzito humtwika aliye bora ili wote wakaribiane mwishoni, kwa hiyo safu ya kilo ni maoni yake juu ya ubora wa farasi, yaliyogeuzwa vipande vya madini ya risasi na kufungwa kwenye tandiko. Farasi Carbine alichukua Melbourne Cup ya Australia mwaka 1890 na karibu kilo 66, mzigo ambao hakuna mshindi mwingine wa mbio hizo aliyewahi kuubeba. Phar Lap alishinda 1930 na kilo 62.5, mwaka uliofuata akatwikwa kilo 68, akamaliza wa nane. Ukiwamimina wote kwenye fungu moja, ubora unaifunika kilo kabisa.

Kumlinganisha farasi na nafsi yake kulisaidia kidogo tu. Huongezewa kilo baada ya kushinda, yaani akiwa kwenye siku zake njema. Akishuka mara ya pili, ni kilo zilizomshusha au ile ya kwanza ilikuwa siku yake? Swali hili limenila usiku mwingi.

Kilichofungua fundo ni farasi wawili, Red Rum na Crisp. Kwenye Grand National ya Uingereza, 1973, Crisp alibeba pauni 23 zaidi, yaani zaidi ya kilo 10. Aliongoza kwa mbali, akapitwa karibu kabisa na mstari, akashindwa kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Baadaye mwaka huohuo walikutana Doncaster kwa uzito sawa, na Crisp akashinda kwa urefu wa farasi 8. Umbali ulikuwa mfupi zaidi, nakubali, lakini tazama kilichobadilisha kilo: masharti ya mbio zenyewe, si adhabu ya ushindi uliopita. Basi nikabakiza jozi za namna hiyo peke yake, farasi wawili waliokutana kwenye handikapu kisha kwenye mbio za uzito sawa. Nyingine zote nikazifuta. Jedwali lilikonda vibaya, lakini lilianza kusema kweli, na jibu likaja karibu na kanuni ya zamani ya Uingereza: kama pauni 3 kwa urefu mmoja wa farasi katika mita 1000, pauni 2 katika maili moja.

Kazi yote hii nimeifanya kwa LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya kompyuta. Majedwali ya kwenye simu siyataki tena, kidole kikiteleza safu nzima imehama. Na jozi huziandika kwanza kwenye daftari la mistari, kwa sababu mkono huona kosa kabla ya jicho.

Mimi dau siweki, kamari ni haramu kwetu. Lakini wanaoweka ningewaambia wasimkimbie farasi kwa kuwa ana kilo nyingi kuliko wote, maana hiyo ni sifa aliyopewa. Cha kupima ni tofauti: alishinda kwa urefu wa farasi wangapi, na kilo alizoongezewa zinakula urefu wa farasi wangapi kwa umbali wa leo? Zikila pungufu ya alichoshindia, bado ana akiba.

Hatua iliyokuwa ifuate ni hali ya uwanja, mkavu au wenye tope. Nimeiweka kando. Juzi pale Langoni nilimweleza mambo haya mzee mmoja mwenye punda wa kubeba mchanga, akanikata kauli: "Mwanangu, kilo ni kilo, lakini iliyofungwa ikatulia si sawa na inayoyumba." Na kweli, joki (mpanda farasi) mwepesi hujaziwa risasi hadi atimize uzito, na risasi haijongei pamoja na farasi kama mwili wa mtu. Je, kilo 5 za risasi ni sawa na kilo 5 za joki? Nimeshafungua safu mpya, uzito wa joki peke yake, na nimeanza kuijaza kutoka Ngong. Mwenye matokeo ya zamani yanayotaja uzito wa joki kando ya uzito wa mbio, naomba aniletee.