Ukilikuta jua limeshatoka, umechelewa

Jumapili tulikutana tena wapenda picha, safari hii tulikuwa 11, juu ya daraja la waenda kwa miguu, giza totoro, tumekuja kupiga macheo ya mji. Kuamka ndo mtihani aisee, alamu ya kwanza nilizima, ya pili nikazima, ya tatu nikaikuta niko mlangoni nimevaa soksi moja moja za rangi tofauti, lakini nilifika.

Kila tukipanga huwa tunagombana kuhusu muda. Watu wanaangalia kwenye simu jua linatoka saa ngapi afu wanataka wafike dakika tano kabla, mimi nasema saa nzima kabla na hapo sibadiliki. Jua likiwa bado nyuzi 6 hivi chini ya upeo wa macho, karibu na ikweta hiyo ni kama dakika 20 na kitu kabla halijachomoza na ukienda mbali na ikweta muda unarefuka, anga linakuwa na ile bluu nzito, taa za barabarani bado zinawaka, madirisha machache yana mwanga, na kwa muda mfupi mwanga wa juu na wa chini unalingana kabisa. Hapo picha ya mji inajipiga yenyewe. Ukichelewa unakuta taa zimezimwa na anga limepauka, basi.

Sasa daraja nalo lina tabia zake. Uko na tripodi, ISO 100 (yaani kamera inavyohisi mwanga, ukiipandisha sana picha inajaa chenga), tundu la lenzi f/8, shata, yaani pazia la kupitisha mwanga, imefunguka sekunde nane, taima umeweka sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera, kila kitu safi, mara anapita mtu wa mazoezi anakimbia, daraja zima linadunda, picha inatoka kama imepigwa na mlevi. Ikabidi tuwe tunasikiliza hatua kwanza ndo tunabonyeza, na mmoja wetu akihamisha mguu wote tunaguna.

Ila kituko cha asubuhi nilikuwa mimi. Nilipiga picha kama 40 nikiwa nimejiamini mpaka jirani yangu akachungulia skrini yangu akauliza taratibu, "mbona zako zina chenga?" ISO ilikuwa 6400, niliiacha hivo tangu juzi usiku. Sikusema kitu.

Wakati tunasubiri mmoja akatuambia kwamba jua tunaloliona linagusa upeo wa macho kiukweli bado liko chini yake, ni hewa tu inaupinda mwanga. Watu wakabisha kweli kweli lakini yuko sahihi, na tukabishana mpaka likatoka lenyewe.

Na lilivyotoka, kwa sisi wenye lenzi pana lilikuwa kadoa tu. Jua lina upana wa nusu nyuzi, kwenye lenzi ya mm 24 hata robo milimita halijazi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Jamaa mmoja tu ndo alikuwa na mm 400, yeye alijitenga pembeni akalinganisha na kreni ya jengo linalojengwa, na alikuwa anaangalia kwenye skrini ya nyuma sio kwenye kile kitundu cha kuchungulia, maana jua kupitia lenzi ndefu vile ni kuchezea macho. Alikuwa na kama dakika mbili, jua likishapanda upana wake mmoja mstari wa kreni umeshapitwa. Alizipata tatu, tena kali.

Lakini picha ninayoionea wivu mpaka leo ni ya dada mmoja mgeni aliyekuja na simu tu. Wote tumekodoa mashariki, yeye katupa mgongo. Ghorofa za juu zinaliona jua kabla ya aliye chini, kwaiyo upande wa magharibi vioo vya juu kabisa vilikuwa vimeshawaka rangi ya kaa la moto, chini yake mji bado bluu, na nyuma kule kivuli cha dunia kinashuka kama mkanda wa kijivu chenye waridi juu yake. Akapiga, akatia simu mfukoni. Sisi tulipogeuka kioo kilikuwa tayari ni kioo tu.

Mwezi ujao tunarudi. Kwenye grupu tayari kuna mtu kaandika tukutane dakika kumi kabla ya jua, sijamjibu bado.