Kumbukumbu ya mradi: tairi za Toyota Prado 120, kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17

Uamuzi wa tairi umepita: gari linapanda hadi 265/70R17 (upana wa tairi kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, rimu kwa inchi), rimu zinabaki za kiwandani. 285/70R17 imeachwa, na hesabu yake ni hii.

265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. 265/70R17 inafika 803, yaani asilimia 3.4 zaidi. 285/70R17 ni 831, asilimia 7. Difu (kasha la gia kwenye ekseli, chini ya gari) inainuka nusu tu ya tofauti hiyo: milimita 13 kwa tairi la kwanza, 27 kwa la pili. Milimita 14 zilizobaki katikati ndizo zenye gharama. Kwa asilimia 7, gari la foleni za kila siku linakuwa zito kuondoka, breki zinaelemewa, na spidomita iliyosoma sawasawa sasa ikionyesha 100 unakwenda 107. Asilimia 3.4 inavumilika, maana spidomita za kiwandani kwa kawaida husoma juu kidogo.

Kuhusu kugusa, usijaribu 285 gari likiwa limesimama dukani. Hapo haigusi chochote. Kata usukani hadi mwisho huku unarudi rivasi, kisha pandisha gurudumu moja la mbele kwenye tuta ukiwa bado umekata. Tairi litasugua nyuma yake, pale bodi inapofungwa kwenye chesisi. Kuinua springi inchi 2 hakuondoi tatizo hilo: springi ikibanwa, tairi linarudi palepale. Dawa ni kukata chuma hicho na kukichomelea upya, na sioni sababu ya kulifanyia hivyo gari la kwenda kazini.

Anayetaka rimu mpya aangalie ofseti (milimita kati ya uso wa kufungia rimu na katikati ya upana wake) kabla ya urembo. Ya kiwandani ni inchi 7.5, ofseti +30. Rimu ya inchi 8 yenye +20 inatoka nje milimita 16, bado salama. Rimu hiyo ikiwa na ofseti 0 inatoka 36: bering za habu (kitovu cha gurudumu) zinaumia, usukani unavutwa na kila shimo, matope yanaruka hadi vioo.

Matundu ya kufungia rimu ni 6 kwenye duara la milimita 139.7, tundu la kati 106.1. Rimu ya Pajero ina matundu yaleyale, ila tundu lake la kati ni 67.1, haliingii kwenye habu. Ya Patrol ni 110, inaingia lakini haikai katikati, na usukani unatetemeka ukikolea mwendo.

Nati ndizo zinazosahaulika. Rimu za aloi za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu nyingi za madukani zinataka nati yenye ncha ya koni. Ukichanganya, nati inakaza juu juu, inalegea njiani, na stadi (boliti za kwenye habu) zinakatika. Kaza kwa mpangilio wa nyota hadi Nm (nyutoni-mita) 112 kwa spana ya kupimia, rudia baada ya kilomita 100.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likiwa la LT (Light Truck, tairi gumu la magari ya mzigo), upepo wa zamani wa psi 29 hautoshi. Anza na 35, chora chaki kwenye kashata (meno ya tairi), endesha kidogo kwenye lami. Chaki ikifutika katikati tu, punguza; ikifutika pembeni tu, ongeza.

Kinachofuata ni bawaba za mlango wa nyuma, kwa sababu spea ya LT ni nzito kuliko ile iliyotoka.