Mguu upi, na kidonda kina kina gani?

Kazi yangu ni kusoma majalada ya wagonjwa na kuyapa misimbo ya ICD-10-CM, yaani orodha ya kuainisha magonjwa kwa misimbo, katika toleo linalotumika Marekani, na katika ugonjwa wa ateri za miguu hakuna msimbo unaonikera kama I73.9. Maana yake ni kwamba mishipa ya pembeni ina ugonjwa ambao haukubainishwa. Si kosa kuutumia pale daktari alipoandika hivyo na kukomea hapo. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi daktari alikwisha kuyaona yote kwa macho yake, ila hakuyaandika.

Akiandika kwamba chanzo ni ateroskilerosisi, yaani utando wa mafuta unaojijenga ndani ya ateri na kuzifanya nyembamba, tunahamia kundi la I70.2, ambako kila neno lina uzito. Maumivu yanayomshika mgonjwa akitembea na kumwachia akipumzika ni I70.211 yakiwa katika mguu wa kulia, I70.212 katika wa kushoto, na I70.213 katika yote miwili. Yakimsumbua hata akiwa ametulia, tunaingia I70.22, kidonda kikitokea, ni I70.23 kwa mguu wa kulia au I70.24 kwa wa kushoto. Nyama ikioza, I70.26. Hatua ya juu huzibeba zilizo chini yake, kwa hiyo mguu wenye kidonda haupewi tena msimbo wa maumivu ya kutembea. Kidonda chenyewe hudai msimbo wa ziada wa L97, kundi la vidonda sugu vya mguu, ambao hautoshelezwi na kujua mahali kilipo tu, bali huuliza pia kama kimeishia kwenye ngozi au kimefika kwenye mafuta, msuli au mfupa.

Mgonjwa akiwa na kisukari pia, maradhi hayo mawili huhesabiwa kuwa yanahusiana hata kama daktari hakuyaunganisha, isipokuwa ameeleza wazi kwamba chanzo ni kingine.

Wengi hudhani vipimo vitaziba pengo. Uwiano wa shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono ukiwa 0.90 au chini ya hapo huashiria ugonjwa, na ukizidi 1.40 huenda ateri zimekakamaa kiasi cha kutobanika. Lakini hata nikikuta 0.62, sina ruhusa ya kuigeuza namba hiyo kuwa utambuzi. Ninachoweza ni kumuuliza daktari, tena kwa swali lisilomtilia jibu mdomoni.

Hivi karibuni nilirudisha jalada lililoandikwa "ugonjwa wa ateri za pembeni, kidonda cha mguu", nikiuliza chanzo, upande, mahali na kina. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: ateroskilerosisi ya ateri za asili (si za kupandikizwa) za mguu wa kushoto, kidonda sugu cha kisigino, mafuta yanaonekana. Nikaifuta I73.9, nikaandika I70.244 na L97.422.