Gego langu, jiwe la dagaa na kipande cha maabara

Kosa lilikuwa la dagaa. Mama watoto alikuwa amenunua pale Mwaloni Kirumba, na mnaoijua Mwanza mnajua dagaa wakianikwa mchangani huwa hawaji peke yao. Nikasikia kwach! Kutema mkononi, nikaona jiwe moja dogo, robo ya gego langu la chini, na vipande vya ile dawa ya rangi ya fedha niliyozibiwa nikiwa kijana.

Halikuuma, na ndiyo iliyoniponza. Nilitafuna upande mmoja wiki tatu nzima, hadi siku chai ya moto ilipopita pale nikaruka kwenye kiti.

Kliniki ya kwanza hawakunichosha kwa maneno. "Mzee, hili ling'oe tu." Sindano ya ganzi ilishaandaliwa. Nikasema natoka kidogo kutoa hela kwa wakala. Sikurudi. Mimi ni sonara. Pete ikiletwa imepasuka sikimbilii kuiyeyusha.

Daktari wa pili, binti wa umri wa mwanangu, alinipiga eksirei kwanza. Mizizi mizima, jino bado hai. Shida ni ukubwa wa tundu: ile dawa nyeupe ya kuzibia hunywea inapogandishwa, na ikiwa nyingi huvuta kuta za jino zilizobaki au kuacha upenyo. Kofia ya kulifunika jino lote nayo ingemlazimu kulichonga pande zote, hata palipo pazima. Katikati ya hizo mbili kuna kipande kinachotengenezwa nje ya mdomo, kikaja kubandikwa kikiwa kimeshakomaa. Kikikaa ndani ya tundu tu, baina ya ncha za jino, wanakiita inlei. Kikipanda kufunika ncha moja au zaidi, ni onlei. Langu ncha moja ilikwenda na dagaa, kwa hiyo onlei.

"Kinatengenezwa kwa nini?"

"Kauri, resini ya jamii ya ile dawa nyeupe, au dhahabu."

Nikacheka. Geita si hapo tu ng'ambo! Nikamwambia nitaleta yangu, karati 24. Akatikisa kichwa: dhahabu safi ni laini mno kwa kutafunia, ya meno huchanganywa na madini mengine, na maabara yake hawaisubu. Lakini njia aliyonieleza ilikuwa ya kwangu kabisa: unachonga nta, unaizungushia kalibu, moto unaitoa nta, dhahabu inaingia mahali pake. Baadaye nikasoma kwamba William Taggart wa Chicago ndiye aliyewaonyesha madaktari wa meno namna hiyo mwaka 1907. Masonara tulikuwa nayo tangu enzi na enzi, ila sikutaka kumkatisha binti wa watu.

Nikachagua resini ya maabara, kwa ajili ya mfuko. Nusu nililipa siku hiyo, nusu siku ya kubandika.

Siku ya kwanza alitoa uozo wote, akachonga tundu liwe pana juu kuliko chini. Hapo sikuhitaji maelezo: kitu kisipokuwa na njia ya kutoka, hakitaingia pia. Akachukua alama ya meno kwa ule ute mzito unaoganda mdomoni, akaniziba kwa muda. Nisitafune huko, nisile vya kunata.

Wiki hiyohiyo tukapata msiba Sengerema. Kwenye kivuko cha Kamanga mtu akanipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mkono ukaenda wenyewe. Kizibo kikang'oka. Msibani mama mkwe akanijia na mafuta ya karafuu. Namshukuru Mungu nilipiga simu kwanza. "Baba, karafuu hapana, itaharibu gundi yangu. Sukutua maji ya chumvi, urudi kesho." Akaniziba upya, bila kunigombeza sana.

Kipande kilipofika alikiweka kwenye ncha ya kidole. Kidogo kuliko punje ya hindi, lakini kina kilima chake na bonde lake. Alikijaribu, kikagoma upande mmoja, akakipiga msasa, akapitisha uzi baina yake na jino jirani. Halafu akalivisha jino kitambaa cha mpira ili mate yasiguse, maana gundi haitaki unyevu. Tindikali kidogo, maji, hewa, gundi, taa ya bluu. Mwisho karatasi ya rangi: "Ng'ata. Saga." Kila palipoacha doa zito alipunguza unywele tu, akanipa tena ning'ate. Mkono wa namna ile nilitamani niuajiri.

Sasa ni mwaka na ushei, natafuna pande zote mbili. Dagaa nyumbani wanapepetwa kwenye ungo mara mbili. Ile robo ya gego iko dukani, kwenye kopo la vito visivyo na mwenyewe. Juzi mteja aliigeuzageuza, akaniuliza hilo jiwe linatoka machimbo gani.