Pishi Moja kwa Siku

Somo: Kutoka 16:16–21

Wapendwa katika Bwana, amri ya mana ilikuwa nyepesi: kila kichwa pishi moja. Waliobakiza hadi asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Mungu hakuwashindisha njaa watu wake. Aliwapa kipimo cha leo, na kesho akawapa tena.

Wengi tunaotaka kupunguza uzito tunakwenda kinyume chake. Tunaruka milo wiki mbili, mizani inashuka kilo 3, tunashangilia, kisha zinarudi zote. Zile za siku za mwanzo nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu kama 3 za maji. Ukirudia kula kama zamani, na maji hurudi. Mafuta yenyewe hayana haraka. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700, hivyo anayepunguza kalori 500 kwa siku hushusha karibu nusu kilo kwa wiki. Baadaye kasi hupungua, kwa kuwa mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo. Hapo ndipo wengi huacha wakidhani wameshindwa, kumbe mwili unafanya kazi yake. Usiache, mpendwa.

Na wale wanaokula kama Danieli ili wapungue, wasome sura ya kwanza hadi mstari wa 15: baada ya siku 10 za vyakula vya mimea na maji, vijana wale walionekana wamenenepa zaidi. Tufunge kwa ajili ya maombi. Uzito tuushughulikie mezani, kila siku. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari aonane na daktari kabla ya kufunga au kupunguza chakula, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Pishi ya leo basi ni sahani hii: nusu mboga, robo maharage, samaki, yai au nyama, na robo iliyobaki wali, viazi au mkate. Anza kupakua mboga, kwa sababu wali ukitangulia huchukua nafasi yote. Robo ya protini usiiguse hata ukiwa na haraka ya kupungua. Ikikosekana, misuli nayo huisha pamoja na mafuta.

Lakini sahani nzuri huharibikia jikoni, kwenye chupa ya mafuta. Kijiko 1 cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa huona "kidogo tu", kumbe vimeingia vijiko 3 au 4, na kitunguu kikishaanza kuiva havionekani tena. Weka kijiko kando ya jiko, mafuta yapite humo kwanza.

Kwenye vinywaji, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Soda moja ya mililita 330 peke yake ina gramu kama 35. Kwenye chai, punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya kula. Ukipima kila siku, chumvi ya jana, inayoshika maji mwilini, itakutisha bure.

Wiki hii tuombee chakula sahani ikiwa bado tupu. "Utupe leo riziki yetu," kisha ndipo tupakue. Ukimaliza na bado unatamani kuongeza, ngoja dakika 20, kwa kuwa habari ya shibe huchelewa kufika kwenye ubongo. Kama njaa bado ipo baada ya hapo, ongeza mboga.