Mpunga wangu ulitoa majani ya kitunguu, dawa ya dukani ikashindwa

Bado kuna watu wanauziwa dawa isiyowasaidia, na inaniuma. Huku Kilombero, mpunga ukianza kutoa mirija myeupe inayong'aa, mitupu ndani kama jani la kitunguu, muuza pembejeo atakwambia upige dawa. Niliambiwa hivyo, nikapiga. Hela ya karibu gunia zima la mpunga ilikwenda, na mirija ikazidi kuota.

Nikang'oa mashina, nikaipasua mirija kwa wembe kuanzia chini. Mle chini kabisa, dawa isikofika, amejikalia funza mdogo. Chipukizi likishageuka mrija halitoi suke tena. Mirija mingine ilikuwa na kitundu karibu na ncha, na ganda tupu limening'inia hapo: funza ameshageuka inzi mdogo, katoka usiku, karuka. Ukimwona kwenye taa utadhani ni mbu.

Ile isiyotoboka niliitia kwenye chupa yenye maji kidogo, nikafunga mdomo kwa kitambaa chepesi. Kila asubuhi nachungulia. Wakatoka inzi wachache, halafu vikaanza kumiminika vinyigu vyeusi, vidogo mno, bila kuinua chupa juani huvioni. Kumbe funza wengi walikuwa wanaliwa kwa ndani na watoto wa vinyigu hao! Dawa ile ilikuwa inawaua wasaidizi wetu na kumwacha mwizi salama ndani ya bua.

Mwingine akanishauri nitafute mbegu ya India inayomhimili. Inzi wa India anayeleta mirija kama hii ni mwingine. Huyu wetu, Orseolia oryzivora, wataalamu walimtenganisha naye mwaka 1982, na mbegu inayomshinda yule si lazima imweze huyu.

Msimu uliofuata sikugusa bomba la dawa. Maotea yote, yale yanayochipua kwenye mashina yaliyovunwa, niliyalima chini mara baada ya kuvuna, na mpunga pori wa kando ya mfereji nikauchimba na mizizi yake, maana ndiko anakojificha kiangazi. Jirani nilimbembeleza: "Kaka, tupandikize pamoja. Anazaliana kwangu, wewe ukichelewa anahamia kwako." Kizazi kimoja hakimalizi hata mwezi. Akakubali, tukawahi wote. Mirija ilitokea, lakini ya kuhesabika, na majaruba yakajaa masuke.

Ukiiona mirija wakati mpunga umeshabeba mimba, usinunue chochote. Mdudu huyu hushika chipukizi changa tu. Suke likishaanza kuumbika, hana pa kuingilia.